Kompyuta Imekufa, Lakini Gari Linawaka

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ambayo shemeji yangu amesema atakuja na vifaa vyake kufungua dashibodi ya gari letu aibadilishe kompyuta, na ndani ya nyumba hii ni mimi peke yangu ninayejua kwamba nusu ya ugonjwa wa hilo gari nimeuleta mimi kwa mikono yangu, na sijamwambia mtu, na kadiri ninavyonyamaza ndivyo jambo lenyewe linavyozidi kunona.

Mimi na mume wangu tunafanya kazi ya udobi, tuna chumba cha mashine za kufulia na meza za pasi, na mteja wetu mkubwa ni hospitali, tunachukua mashuka machafu jioni na kuyarudisha yamenyooshwa asubuhi kabla madaktari hawajaanza kuzunguka wodini. Dereva ni mimi. Mume wangu alijaribu mara moja akabomoa geti la jirani, tangu hapo anasema udereva ni kipaji na yeye Mungu alimpa cha pasi. Gari ni dogo, la mizigo, limefungwa nyuma, tulilinunua likiwa limeshatumika ng'ambo, na mpaka mwezi uliopita halikuwahi kunisumbua.

Ikawaka taa ya injini, ile ya njano. Gari linakwenda vizuri, halikohoi wala halitetemeki, ila taa haizimiki, na muda wa ukaguzi umefika, na wakaguzi siku hizi hawaishii kwenye breki na matairi, wanachomeka mashine yao kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na mashine isiposoma kitu hupewi cheti, na bila cheti mlinzi wa hospitali hafungui geti hata ukilia. Mashuka yetu yakikaa nje ya geti, hospitali itatafuta dobi mwingine, na sisi tutabaki tunafua soksi za wapita njia.

Sasa mdogo wa mume wangu ni fundi wa magari, mtaani wanamwita Profesa. Akaja na mashine yake ya kupimia, akaichomeka kwenye ile soketi, kioo kikabaki cheusi. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena, akaipiga kofi kidogo, giza vilevile. Akasimama akajifuta mikono polepole kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

“Kaka, pole sana,” akasema. “Kompyuta ya gari imekufa.”

Mume wangu akashika kichwa. Mimi nikauliza, “Imekufaje, shemeji, na gari nimetoka nalo hospitali sasa hivi?”

“Shemeji yangu, kuku ukimkata kichwa si anakimbia kidogo?”

Wakacheka wote wawili. Nikamwambia kwamba hata soketi ya kuchajia simu, ile iliyo mbele ya gia, imeacha kufanya kazi wiki ileile, labda vinahusiana. Akaniambia, “Hiyo ni ya simu. Mambo ya simu na mambo ya kompyuta ya gari ni kama shuka na shubaka.” Mume wangu akamalizia, “Mama, kila mtu na fani yake. Wewe endesha, yeye atengeneze.”

Moyo haukukubali, kwa sababu aliyenifundisha udereva alikuwa akituambia kwamba kitu cha umeme kikizima ghafla usitafute mchawi, tafuta fyuzi. Basi siku mume wangu alipokwenda kununua sabuni nikafungua boksi la fyuzi, liko chini ya dashibodi karibu na goti langu la kulia. Mfuniko wake wa asili ulivunjika, Profesa akatuletea mwingine kutoka kwa wauza spea za mtumba, umeingia vizuri ila umelegea kidogo, na kwa ndani una mchoro wa kuonyesha kila fyuzi ni ya nini. Nikatafuta kile kipicha cha sigara, ndiyo alama ya ile soketi ya simu, nikaichomoa fyuzi yake, nikaitazama juani, kawaya ka ndani hakajakatika. Nikachomoa ya jirani yake, nzima, na ya jirani wa jirani, nzima, nikawa nachomoa na kuzipanga mapajani kama dengu za kuchambua, ndipo simu ikalia, wodi ya wazazi inauliza mashuka yako wapi, nikainuka kwa mshtuko na fyuzi zote zikamwagika sakafuni.

Mshauri, nilizirudisha kwa kufuata mchoro wa mfuniko. Naapa nilifuata mchoro. Lakini nilipowasha gari waipa hazikutikisika na honi ikawa bubu. Kesho yake ikanyesha mvua, mume wangu akagundua, akampigia mdogo wake, na Profesa akaja, akabonyeza honi, kimya, akamtazama kaka yake: “Umeona? Sasa imeanza kuua viungo kimoja kimoja. Tusicheleweshe mazishi.” Mimi nimesimama pale na fungu la foronya mikononi, nikaendelea kuzikunja.

Sasa wamepata kompyuta ya mtumba kutoka gari lililogongwa, na Jumamosi inafungwa. Nikisema ukweli najua kitakachofuata, kwa sababu Profesa alishaanza kunong'ona kwamba gari hili linahitaji dereva anayeelewa mashine, maana yake yeye, na mume wangu hakupinga, akasema tu “tutaona.” Nikikiri, funguo zitahama. Na mimi, nikwambie ukweli, ile safari ya asubuhi ndiyo sehemu ya kazi ninayoiita yangu, kule chumbani kwa mashine kila kitu ni cha watu wawili. Nikinyamaza, watalipasua gari linalotembea kwa ajili ya uongo wangu. Na huenda hata Profesa ni kweli amepatia na mimi ndiye mjinga, sijui. Hata kukaa ndani ya gari sasa napata wasiwasi, nimezoea kuweka bakuli la pini za kubania lebo za wodi pale mbele ya gia, zikicheza kwenye matuta nashtuka kama mwizi.

Niambie nifanye nini. Niseme au nikae kimya Jumamosi ipite?

Ni mimi,
Dereva wa Mashuka


Dereva wa Mashuka,

Umeandika vizuri kuliko ulivyochomoa fyuzi. Nitakujibu swali lako la mwisho kwanza ili usipate kisingizio cha kusoma huku ukitafuta njia ya kukwepa: utasema, na hutasubiri Jumamosi. Utasema leo. Sababu ya haraka hiyo si ndoa yako, ni moto, nitafika huko.

Mimi si fundi. Kwa hiyo barua yako nilimsomea mtu ambaye kazi yake ni umeme wa magari, na hamjui shemeji yako wala wewe. Hakuniacha nifike kwenye honi.

“Gari linawaka?” aliniuliza.

“Linawaka.”

“Linapeleka mzigo?”

“Kila asubuhi.”

“Na mashine ya kupimia, ilisema imeshindwa kuongea na gari, au haikuwaka kabisa?”

“Haikuwaka kabisa. Kioo cheusi.”

“Basi haijampima mtu. Hiyo mashine haina betri yake, inakula umeme wa ileile soketi ya gari. Soketi haina umeme, mashine nayo imelala njaa. Daktari kachomeka kipimo kisicho na umeme, kaandika cheti cha kifo.”

Nikamweleza kuhusu kuku. Alicheka, kisha akasema kuku asiye na kichwa hajawahi kupeleka mashuka mwezi mzima. Kompyuta ya injini ikifa, kwa kawaida gari haliwaki, au linawaka kisha linazimika njiani. Lako linakwenda bila kukohoa. Kwa hiyo mashaka yako yalikuwa na msingi, na lile swali ulilouliza mbele ya wanaume wawili lilikuwa swali sahihi. Kwenye magari mengi, ingawa si yote, soketi ya kupimia hupata umeme kupitia fyuzi moja na soketi ya simu, au redio, au taa ya ndani. Viwili vilizima wiki moja. Hilo lilitosha kumfanya fundi ainame chini ya usukani kabla hajataja mazishi.

Sasa usianze kutabasamu, kwa sababu zamu yako imefika.

Ulikuwa na wazo zuri ukalitekeleza kwa pupa. Fyuzi huchomolewa moja, ikatazamwa, ikarudi ilikotoka, ndipo mkono uende kwa nyingine. Kabla ya hapo boksi hupigwa picha kwa simu, na simu unayo, tena inalia wakati mbaya. Wewe ulizichambua kama dengu. Kisha ulipozirudisha ulifuata mchoro, na unaniapia kwamba ulifuata mchoro, nami nakuamini. Tatizo ni mchoro. Umeniambia mwenyewe, katikati ya sentensi ndefu, kwamba mfuniko ule ulitoka kwenye spea za mtumba na umelegea. Dada, umelegea kwa sababu si wake. Mfuniko wa gari lingine, hata la kampuni hiyohiyo ila la mwaka mwingine, hueleza nyumba za watu wengine. Ile fyuzi uliyoitazama juani ukaiona nzima huenda ni ya kioo cha mlango. Ile ya soketi huenda hujawahi kuigusa, na inawezekana haipo hata kwenye boksi hilo, kwa maana gari kama lako huwa na boksi la pili chini ya boneti, jirani na betri.

Kwa hiyo waipa na honi hazikuuawa na kompyuta. Ziko hai, zimehamishwa makazi.

Na hapo ndipo moto unapoingia. Kila fyuzi ina namba mgongoni, na rangi kufuatana na namba: kwa zile za kawaida nyekundu ni kumi, bluu kumi na tano, njano ishirini, kijani thelathini. Namba hiyo ni kiasi cha umeme ambacho fyuzi inavumilia kabla ya kujikata ili waya usiungue. Ukiweka ya thelathini mahali pa ya kumi, siku hitilafu ikitokea fyuzi itabaki inatazama na waya ndio utakaoungua, nyuma ya dashibodi, wewe ukiwa umebeba mashuka makavu. Ndiyo maana nasema leo. Gari hilo lisiwashwe tena mpaka kila fyuzi irudi kwake. Mzigo wa kesho asubuhi tafuta gari la kukodi au umwombe jirani mwenye gari. Bila waipa wala honi hukutakiwa kuwa barabarani hata kidogo, na hilo ulilijua.

Kunyamaza kwako nako kuna hesabu yake. Profesa alikosea mara ya kwanza peke yake. Mara ya pili ulimsaidia. Alibonyeza honi ikanyamaza, na wewe ulikuwa na jibu, ukakumbatia foronya. Fundi akipewa dalili za uongo hata awe mzuri vipi atatibu uongo. Usimcheke kuku wake huku wewe ndiye uliyempa kisu.

Utakavyosema ni hivi. Utamwambia mume wako kwanza, mkiwa wawili, na utaanza na lako, si la ndugu yake. “Waipa na honi nimeziharibu mimi. Nilichomoa fyuzi ukiwa dukani, zikamwagika, nikazirudisha kwa mchoro usio wa gari letu. Kompyuta haihusiki na hilo.” Kisha unyamaze umwache akasirike. Ana haki ya kukasirika. Asipokasirika ndipo uwe na wasiwasi. Akishatulia, ongeza la pili: “Kabla gari halijafunguliwa, naomba soketi ipimwe kwa taa, mbele yetu sote.” Usiseme mdogo wake hajui kazi. Ukisema hivyo mazungumzo yatahama kutoka kwenye gari kwenda kwenye ukoo, na kwenye ukoo hakuna fyuzi.

Kazi yenyewe fanyeni pamoja na Profesa, tena yeye ndiye ashike taa. Nakuandikia kama nilivyoelezwa.

Tafuteni mchoro wa gari lenu hasa. Kama kitabu chake kipo, fungueni. Kama hakipo, mtafuteni dereva mwenye gari la aina hiyo na mwaka huo, lenye mfuniko wake wa asili, mpige picha mfuniko na fyuzi zenyewe zikiwa mahali pake, boksi la ndani na la chini ya boneti. Zima gari, toa funguo, mrudishe kila fyuzi kwake kwa namba, si kwa rangi peke yake, maana rangi huchujuka. Waipa na honi zikirudi, mume wako atakuwa ameona kwa macho yake kwamba hakuna kiungo kilichokufa. Hiyo itakusaidia kuliko maneno yangu.

Kisha chukueni taa ya kupimia, ile yenye ncha kama sindano na waya wenye kibano. Kila fundi anayo, sijui ya Profesa ilikuwa wapi siku ile. Kibano kwenye chuma kitupu cha bodi, ncha kwenye vile vijitundu viwili vilivyo mgongoni mwa fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi nzima. Ikiwaka upande mmoja, imekatika, hata kama kwa macho inaonekana nzima, na macho hudanganywa. Isipowaka popote, washa swichi ujaribu tena, kwa sababu fyuzi nyingine hulala mpaka funguo izungushwe.

Mkikuta iliyokatika, msikimbilie kuweka mpya. Fyuzi haikatiki kwa uzee, kuna kilichoikata. Na wewe una bakuli la pini mbele ya gia, na soketi ya simu ipo hapohapo na mdomo wazi, na unapita kwenye matuta. Fundi wangu aliposikia hilo aliacha kucheka. Pini moja ikidondoka ndani ya soketi inaunganisha umeme na chuma cha bodi, fyuzi inakatika, na soketi ya kupimia inakufa nayo. Sina uhakika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mmulike kwa tochi mtajua. Kama pini ipo, chomoeni fyuzi kwanza, ndipo muitoe pini kwa kijiti, si kwa kidole wala bisibisi. Bakuli lihamie kwenye mfuko wenye zipu, leo.

Halafu fyuzi mpya, namba ileile. Ikikatika tena papo hapo, msipandishe namba na msifunge kwa waya wala karatasi ya sigara. Hapo kuna shoti, na shoti hutafutwa na fundi wa umeme, kwa utulivu. Ikikaa, pimeni soketi ya kupimia yenyewe. Ukiitazama upande mpana ukiwa juu, tundu la mwisho kulia safu ya chini ndilo la umeme wa betri, na matundu mawili ya katikati safu ya juu ni ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi; mkiyapima hayo, kibano kihamie kwenye chanya ya betri. Ncha iguse tu, isisukumwe ndani, vile vibati vikipanuka mtakuwa mmetengeneza ugonjwa mpya. Umeme ukiwepo na ethi ikiwepo, Profesa achomeke mashine yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba huu uanze mtaisoma ile taa ya njano inalilia nini. Kumbuka hiyo ndiyo iliyowapeleka huko, na hadi sasa hakuna aliyeisikiliza. Itengenezeni kwanza, ndipo mwende kwa wakaguzi. Kuizima kwa mashine asubuhi ya ukaguzi ni kujidanganya, wana njia ya kujua.

Kuhusu ile kompyuta ya gari lililogongwa, isiingie. Magari mengi ya siku hizi kompyuta na funguo hutambuana. Mkifunga ngeni huenda isiitambue funguo yenu, na gari ambalo leo linawaka litalala uwanjani kuku watage ndani. Dashibodi nayo ina waya za mifuko ya hewa, ya kukulinda ukigonga. Si mahali pa kubahatisha kwa sababu mtu alishaahidi kuja na vifaa.

Umebaki na woga mmoja, wa funguo. Sitakuambia haupo. Huenda mume wako akasema mdogo wake aendeshe. Msikilize, kisha mwambie hivi: umekosea kwenye boksi la fyuzi, hujakosea barabarani, na mashuka hayajawahi kuchelewa mikononi mwako. Kama adhabu ni lazima, aseme nyingine. Akikwambia “tutaona,” usikubali jibu hilo. Mwulize tutaona lini, na usiondoke chumbani mpaka akutajie. Umelihofia neno hilo muda mrefu kuliko ulivyoihofia ile taa, na sababu ni kwamba hujawahi kuomba safari hiyo iwe yako kwa sauti. Iombe. Mwenzio hawezi kuheshimu mpaka ambao hukumwonyesha.

Sasa weka simu chini. Zima mashine za kufulia ili akusikie, mwite, mwambie. Akimaliza kupiga kelele, tokeni wote wawili mkafungue boneti kungali mchana.